Mtaa ndio ulioniambia shoo yangu inahusu nini

Mwaka wa kwanza kwenda Edinburgh kule Scotland, kwenye tamasha la maigizo la Fringe, nilibeba begi moja la maleba, kiti cha kukunja, pete ya chuma yenye funguo 11, na sentensi moja ya kuwaambia watu barabarani. Sentensi ilikuwa inasema hivi: igizo la mtu mmoja kuhusu urithi, ukimya na familia. Niliipenda sana ile sentensi, niliikalia wiki nzima kuiandika. Siku tatu mfululizo nikaisema mpaka ulimi ukawa mzito, na watu walikuwa wanapokea kipeperushi kwa adabu kabisa afu wanaendelea na safari yao, macho yameshahama kabla hata sijafika kwenye neno familia.

Siku ya nne mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, sauti imeanza kukwaruza, vipeperushi vimelowa vinashikana kama karatasi za gundi. Akapita mama mmoja mtu mzima na mwavuli wake akaniuliza, we unacheza nini? Na mimi kwa uchovu tu, sikuwa na mpango wowote, nikatoa zile funguo mfukoni nikamwambia baba alifariki akaniachia hizi, mpaka leo sijui zinafungua nini. Yule mama akasimama. Yaani akasimama kabisa, akafunga mwavuli, akazichukua akaanza kuzipitia moja moja. Hii ndogo itakuwa ya sanduku, akasema. Nikamwambia sijui. Na hii ya kutu? Sijui mama. Akauliza mnaanza saa ngapi, nikamwambia saa saba na dakika kumi mchana, akaja, akakaa mstari wa pili.

Zile funguo ni za kweli, baba aliniachia kweli. Ila kwenye skripti niliyoenda nayo zilikuwa zinatokea dakika ya 20 hivi, zinapita, zinarudi mfukoni. Kabla yake nilikuwa na maelezo marefu sana kuhusu nyumba na ukoo na nani alikuwa haongei na nani. Usiku ule nikakaa kitandani na kalamu nikakata dakika 20 zote za mwanzo, kesho yake nikaingia stejini taa zikawaka nikaanza na funguo mkononi. Tangu siku hiyo igizo halijawahi kuanza namna nyingine yoyote, na nimelicheza zaidi ya mara 300.

Nalisema hili manake kila nikikutana na mwigizaji anayetaka kwenda Fringe na shoo yake ya peke yake, swali la kwanza ni lile lile, wanachaguaje? Na mimi jibu langu ni kwamba hawachagui. Hakuna anayekuchagua. Hapo ndipo kila kitu kinapoanzia, ugumu wote na faida yote.

Historia yenyewe iko hivyo. Mwaka 1947 Edinburgh walianzisha tamasha kubwa la kimataifa la sanaa, vita imetoka kuisha, wakaalika vikundi vikubwa vya opera na muziki na tamthilia. Vikundi 8 vya maigizo ambavyo havikualikwa vikaja hivyo hivyo, vikatafuta kumbi zao vikacheza, kimoja hata hakikuwa mjini, kilicheza ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari kule Dunfermline. Mwaka uliofuata mwandishi wa tamthilia wa Scotland, Robert Kemp, akaandika gazetini kwamba kuna mambo yanaendelea pembezoni mwa tamasha rasmi, na lile neno lake la pembezoni ndilo likawa jina, Fringe. Mwaka 1958 wasanii wenyewe wakaunda chama cha kusaidia kuuza tiketi na kuchapa ratiba, na wakaweka kwenye msingi wake kwamba chama hakitachagua nani aje na nani asije. Mpaka leo ni hivyo. Ukipata ukumbi unaokubali kukupa saa, ukalipa ada ya kuandikishwa, wewe uko ndani, jina lako liko kwenye kitabu kimoja na watu maarufu.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Mwaka 2019 kulikuwa na shoo zaidi ya 3,800 kwenye wiki tatu na ushee za Agosti. Kwenye jumba la kawaida la maigizo kuna mtu anasoma skripti yako, anakwambia hapana, au anakwambia hapa pamelegea kata, kuna mwongozaji, kuna waigizaji wenzako wanaokunja sura mazoezini ukisema mstari mbovu. Mimi sikuwa na hata mmoja. Nilijiandika, nikajiongoza mbele ya kioo cha kabati, nikajiambia iko poa. Mtu wa kwanza kabisa kuniambia ukweli kuhusu igizo langu ni mpita njia aliyeshika kipeperushi bila kukisoma. Hajaniambia kwa mdomo, kaniambia kwa miguu yake.

Kwa hiyo ule mtaa, High Street, kile kipande cha Royal Mile, barabara kuu ya mji wa kale, wanachokifunga magari yasipite mwezi wa Agosti, mimi nauheshimu kuliko darasa lolote nililowahi kukaa. Mawe yamepangwa chini yanateleza, kuna mtu anameza upanga huku, kwaya ya wanafunzi inaimba pale, na katikati yao mamia ya watu kama wewe kila mmoja ana karatasi mkononi anataka sekunde 10 za mtu. Mwanzoni nilikuwa naona ni adhabu, kwamba mimi ni msanii kwa nini nasimama hapa kama mchuuzi. Nilikosea sana. Kila sentensi unayomwambia mtu pale ni mazoezi, manake unamtazama usoni na unaona neno gani limeingia na neno gani limeanguka chini. Ukisema "kuhusu ukimya" uso haubadiliki. Ukisema "alinifungia nje" nyusi zinapanda. Nilianza kutembea na daftari dogo, kila jioni naandika sentensi zilizosimamisha watu, afu nalinganisha na skripti, na mara nyingi sana niligundua ile sentensi iliyosimamisha watu haimo kabisa kwenye igizo, nimeitoa kichwani pale pale mtaani. Naiingiza. Robo ya igizo langu la leo imeandikwa kwa miguu hivyo.

Kuna mambo ya mtaani mtu hujifunza kwa kuumia. Usimwambie mtu shoo yako inachekesha na inahuzunisha, kila mtu anasema hivyo. Usimpe mtu kipeperushi kama hujaongea naye, utakikuta pipani hatua 20 mbele. Ukipata uhakiki mzuri gazetini, wenye nyota 4 au 5, unachapa vikaratasi vya zile nyota usiku huo huo unavipiga stepla kwenye kila kipeperushi, na nimekesha na stepla mimi, vidole vikauma. Nyota zinasaidia, sitasema uongo. Ila nyota haziwezi kukufundisha shoo yako, zinaleta watu tu.

Na hizo kumbi sasa. Watu wakisikia tamasha kubwa la maigizo wanawaza mapazia mekundu. Kumbi nyingi za Fringe miezi mingine 11 ni kitu kingine kabisa. Kuna Summerhall, ilikuwa chuo cha udaktari wa mifugo, unaweza kucheza kwenye ukumbi wa mihadhara ya anatomia, viti vimepanda mwinuko mkali kukuzunguka kama wewe ndiye mzoga. Kuna Underbelly kule Cowgate, vyumba vya mawe chini kabisa ya barabara, ukuta unatoa jasho. Mimi miaka yangu mingi nimecheza chumba cha viti 48 juu ya baa, na dirisha lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheusi na gundi, sikuona jua hata siku moja humo ndani.

Chumba kama hicho kinatumiwa na shoo 7 au 8 kwa siku. Saa yako ni saa yako kweli kweli. Shoo inayokutangulia inatoka, una dakika 15, ndani ya hizo dakika watu wao watoke, vitu vyao vitoke, vyako viingie, taa zibadilishwe, watu wako wakae. Ukizidisha dakika 3 umewaibia wanaofuata, na ukizidisha kila siku ukumbi unaanza kukukata faini. Vikundi vya watu 9 wenye kitanda na meza na mlango wa mbao nimewaona wakilia pale kwenye ngazi. Mimi nilikuwa naingia na kiti na pete ya funguo, sekunde 40 niko tayari. Ndiyo maana igizo la mtu mmoja limestawi sana Fringe kuliko sehemu nyingine, wala sio kwa sababu waigizaji tunapenda kuwa peke yetu, hesabu yenyewe ndiyo inakusukuma, kitanda kimoja cha kulala kwenye mji ambao kodi ya Agosti inapanda mpaka unashangaa, nauli moja, tumbo moja, mizigo mkono mmoja. Watu huanza peke yao kwa sababu ya hela. Wengine wanagundua baadaye kwamba ndiyo lugha yao, kama mimi.

Nilipofika pale nilikuwa nadhani kuigiza peke yako ni kubadilisha sauti. Mama sauti ya juu, baba sauti nzito, fundi wa makufuli anakohoa. Hiyo inachosha watu dakika ya 10 tu. Kitu kinachofanya kazi ni macho. Ukiwa mtoto unatazama juu, ukiwa mama unatazama chini mahali pale pale mtoto alipokuwa, sentimita zile zile, na kama umepaweka sawasawa watazamaji wanaanza kumwona mtoto ambaye hayupo. Nilikuwa nimeweka alama ukutani nyumbani na chaki nafanya mazoezi, mtoto hapa, mama hapa, baba amekaa hapa. Ukikosea kidogo tu, mtoto amekua ghafla, na watu hawajui ni nini lakini wanakuacha. Kingine ni pumzi. Baba yangu alikuwa anavuta pumzi kabla ya kusema hapana, kwa hiyo nikivuta tu pumzi ile, watu wa mstari wa mbele wanajua baba kaingia, sijasema neno.

Sasa nisimulie siku ya 11 ya mwaka wa pili, manake hii nimebeba moyoni.

Igizo lilikuwa na matukio mawili yanayoanza kwa mstari mmoja. Dakika ya 12 mtoto anamwonyesha mama ufunguo anauliza, mama, huu ni wa wapi? Na dakika ya 41, mtoto ameshakuwa mtu mzima, anauliza vile vile, mama, huu ni wa wapi? Nilikuwa naona ni ufundi mkubwa huo, mwangwi. Mtu yeyote aliyewahi kukariri kitu kirefu anajua huo sio mwangwi, ni shimo la barabarani. Ubongo ukichoka haujui uko kwenye ipi. Siku hiyo nimeuliza swali la dakika ya 12, nikageuka kuwa mama, na mama akanitoka na jibu la dakika ya 41. Nikaendelea sentensi mbili tatu hivi ndipo nikagundua nimeruka nusu ya igizo. Kijasho chembamba kikanitoka. Ukiwa na wenzako jukwaani mtu anakuokoa, anakuletea mstari, anakumiminia chai, chochote. Mimi nimesimama pale ni mama, mkono uko hewani, mama hana cha kusema na mtoto hayupo.

Afu nikaona taa imebadilika. Imerudi ile ya njano ya jikoni, taa ya dakika ya 12. Na mlango ukagongwa.

Kule nyuma kwenye meza ya mitambo alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi, ukumbi ulikuwa umempangia shoo 5 kwa siku na yangu ni mojawapo. Kwenye igizo kuna sauti ya mlango kugongwa dakika ya 15, jirani anaingia. Yule binti alikuwa ameona nilichofanya, hakungoja, akarudisha taa nyuma na akabonyeza hodi. Na mwili wangu ulijua, kichwa bado hakijajua, lakini mwili ukisikia ile hodi unageuka kushoto na kusema karibu. Nikasema karibu. Jirani akaingia, tukaendelea kutoka pale, watu 31 waliokuwemo sidhani kama kuna aliyejua.

Baada ya shoo nikamfuata huku nabeba kiti, zile dakika 15 zinakimbia, nikashindwa kuongea vizuri nikamwambia asante, asante. Akasema, nilikugongea mlango ukachelewa kufungua. Afu akainama kupanga nyaya za shoo inayofuata.

Mimi nikiandikwa kwenye kitabu cha tamasha naandikwa mwigizaji wa peke yake. Tangu siku ile hilo neno nalitumia kwa sababu hakuna lingine, ila kila mwaka kitu cha kwanza nikifika ni kukaa na fundi mitambo, nimpe skripti mkononi, tuipitie ukurasa kwa ukurasa, nimweleze kila hodi ni ya nani. Nimeona waigizaji wanamwita fundi wao "wewe wa taa" wiki tatu nzima hawamjui jina, na inaniuma kweli.

Na ule mstari nikaubadilisha usiku ule ule. Dakika ya 41 sasa mtoto haulizi chochote, anauweka ufunguo mezani tu, anakaa. Mama anautazama. Na mimi nakuapia ule ukimya ni bora kuliko swali langu zuri la mwangwi, watu wanaacha hata kukohoa. Kwa hiyo na hapo pia sio mimi niliyeandika, ni uchovu na hodi ya yule binti.

Kuhusu kurudia rudia, watu huniuliza hauchoki? Shoo 24 kwa mwezi mmoja, siku moja tu ya kupumzika katikati. Unachoka. Wiki ya kwanza ni woga, wiki ya pili ni mwili, koo, mgongo, unaishi kwa maji ya moto na asali na hauongei na mtu mpaka saa sita mchana. Wiki ya tatu kinakuja kitu ambacho sijawahi kukipata kwenye jumba la kawaida, yaani unaacha kuigiza ile shoo unaanza kukaa ndani yake, na unasikia vitu ulivyoviandika wewe mwenyewe kwa mara ya kwanza. Wengi wanaokwenda siku 5 au 6 ili kuokoa hela, nawaelewa kabisa, lakini wanaondoka kabla mgeni hajafika.

Nikifikiria kurudia huwa namfikiria Hal Holbrook wa Marekani. Alianza kumwigiza mwandishi Mark Twain peke yake jukwaani mwaka 1954, akiwa na miaka 29, na Twain wake alikuwa mzee wa miaka 70, kwa hiyo ilibidi apakwe vipodozi masaa na masaa ili azeeke. Akaendelea kumcheza mpaka 2017, zaidi ya maonyesho 2,000. Mwishoni alikuwa na miaka 92, amempita umri yule mzee wake. Hakuwa mtu wa Fringe, lakini mimi naona ndiye aliyeonyesha njia ndefu ya kazi hii inafananaje. Nilipoanza na funguo nilikuwa naona igizo ni la mtoto. Sasa nywele zimeanza kuwa nyeupe, na nikivuta ile pumzi ya baba haihitaji mazoezi tena, inakuja yenyewe, na mtoto ndiye ninayemtafuta kwa shida. Skripti ni ile ile karibu neno kwa neno. Watu waliokuja zamani wakarudi huniambia umelibadilisha sana.

Hela niseme kwa kifupi, si kwa sababu ni kitu kidogo, bali kwa sababu haina utamu. Mkataba wa kawaida ni kugawana mapato ya mlangoni, mara nyingi 60 kwako 40 kwa ukumbi, na kumbi nyingi zinaweka kiwango cha chini ambacho lazima walipwe hata ukicheza mbele ya viti vitupu. Ongeza ada ya tamasha, uchapaji, malazi, nauli. Mwaka wa kwanza nilirudi na deni nikalilipa miezi 14. Wapo wanaokwepa hilo kwa kucheza kumbi za bure, mtu anaingia bila kiingilio na mwisho unasimama mlangoni na ndoo, utaratibu ulioanzishwa na Peter Buckley Hill mwaka 1996, na kuna wasanii wazuri sana huko ndani ya mabaa. Nimefanya mwaka mmoja. Kusimama na ndoo baada ya kulia jukwaani ni kugumu, lakini unamshika mkono kila mtazamaji mmoja mmoja, na hilo nililipenda.

Kila mtu anazo zile hadithi mbili za kuwapa wengine moyo. Phoebe Waller-Bridge alicheza Fleabag peke yake pale Underbelly mwaka 2013, miaka mitatu baadaye ikawa kipindi cha televisheni. Richard Gadd alicheza Baby Reindeer Summerhall mwaka 2019 na 2024 dunia nzima ikaijua. Ni kweli na nawafurahia kwa moyo wote. Ila nawaomba wadogo zangu msiingie na hadithi hizo kama ramani, manake kati ya hao wawili na sisi maelfu kuna kazi nyingine kabisa ambayo haiandikwi, na ndiyo mimi naishi nayo. Mwaka wa tatu kwenye wale watu 48 kulikuwa na mwanamke anayepanga ratiba za kumbi ndogo za vijijini. Hakusema kitu, akaacha kadi. Kutoka kwenye ile kadi nikapata usiku 17 wa kucheza kwenye kumbi za jamii, shule, maktaba. Mwaka uliofuata mwingine. Agosti inanila hela, miezi inayofuata inanirudishia, na mwaka ukiwa mzuri kinabaki kidogo. Ndiyo ajira yangu. Hakuna usiku mmoja uliobadilisha maisha, kuna kadi kama 20 hivi kwenye miaka mingi.

Na sio Edinburgh peke yake, hilo watu hawalijui vya kutosha. Adelaide wana Fringe yao tangu 1960, Afrika Kusini Makhanda kuna tamasha tangu 1974 na lina Fringe ndani yake, na Kanada kuna mnyororo mzima. Edmonton ndiyo ilianza kule mwaka 1982, sasa kuna matamasha kutoka mashariki mpaka magharibi, na ukijipanga unaweza kuanza Montreal mwezi wa sita ukamalizia Vancouver mwezi wa tisa na gari moja bovu. Utaratibu wao ni tofauti. Nao hawachagui, lakini nafasi zina kikomo kwa hiyo wanachezesha bahati nasibu, jina lako linatolewa kwenye kofia au halitolewi, basi. Ukishinda, bei ya tiketi uliyoipanga inakuja kwako yote, asilimia 100. Na wenyeji wa mji wanakupokea majumbani mwao, unalala chumba cha mtoto aliyeenda chuo, kwenye kitanda chenye picha za wachezaji mpira.

Kule nilijifunza kitu kingine tena kuhusu shoo yangu, kwa sababu kule watu wanapanga foleni. Royal Mile mtu anapita, una sekunde 10. Kanada amesimama kwenye foleni ya shoo nyingine dakika 30, haendi popote, unaongea naye, na anakujibu. Nikawatolea funguo kama kawaida. Safari hii wakaanza kutoa za kwao. Mzee mmoja akachomoa pete yake akaniambia huu ni wa nyumba tuliyouza zamani, sijui kwa nini bado nimeubeba. Aliyekuwa nyuma yake naye akatafuta mkobani. Foleni nzima ikawa inaonyeshana funguo za milango ambayo haipo tena. Nilikuwa na igizo kuhusu mtu ambaye hajui funguo zake ni za wapi, kumbe watu wengi wanajua vizuri kabisa ni za wapi, na bado hawazitupi. Hiyo ndiyo dakika 5 za mwisho za igizo sasa hivi. Baba alikuwa anajua.

Mwaka 2020 Agosti tamasha lilifutwa. Nilikaa chumbani na ile alama ya chaki ukutani, saa saba na dakika kumi mchana nikasimama nikacheza yote, dakika 58, kila siku kwa wiki moja. Sikuweza kuendelea. Hakuna aliyevuta pumzi mahali ambapo huwa wanavuta pumzi, na mimi nikawa sijui nisubiri kiasi gani kabla ya mstari unaofuata, yaani nilijikuta sijui mdundo wa igizo langu mwenyewe. Niliporudi baadaye, watu wamevaa barakoa, nikaanza na funguo mkononi nikasikia mtu mmoja kiti cha pembeni anashusha pumzi, nikajua pa kuendelea.

Mwaka huu nakwenda na igizo jipya. Funguo nimeziacha nyumbani kwenye kopo, pamoja na nyingine 60 na kitu ambazo watu wameniachia kwenye kiti baada ya shoo miaka yote hii, baadhi zina karatasi imefungwa kwa uzi, nyingi hazina. Igizo jipya linahusu mwanamke anayesoma mita za umeme nyumba kwa nyumba. Angalau mimi ndivyo ninavyodhani. Nimekata mpaka dakika 60, nimeshaongea na fundi mitambo kwa simu mara mbili na nimemwandikia kila hodi, na humu zipo nyingi manake yule mama kazi yake ni kugonga milango.

Kwenye daftari nimeandika sentensi nne za kusema mtaani. Ya kwanza ni nzuri sana, nimeikalia wiki nzima, kwa hiyo hiyo ndiyo nitaanza nayo Jumatano asubuhi ili ifeli mapema. Ya nne ni maneno matano tu na inanitia aibu kidogo kuisema kwa sauti. Nitatembea na mita mkononi.